Unyama na Utu: Neno la Uovu Uliokithiri katika Fasihi ya Kiswahili, kwa Kurejelea Makongeni na Mitaa Jirani ya Nairobi

Utangulizi

Tendo la ukatili linapopita kiasi cha kuelezeka, msemaji wa Kiswahili hukimbilia neno moja: unyama. Gazeti hulitumia katika kichwa cha habari, mhubiri hulitamka mimbarini, na mwandishi wa riwaya hulichukua anapofikia ukurasa ambapo mhusika wake anamtenda mwenzake jambo lisilosemeka. Kwa kuwa neno hili limezoeleka, ni nadra kuhojiwa na wahakiki. Makala haya yanakusudia kulihoji kwa swali moja la kimaadili: je, mtu mwovu anapoitwa mnyama, uovu wake huwa umeelezwa, au huwa umeondolewa mikononi mwake?

Hoja inayotetewa ni kwamba neno unyama lina kazi mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja hulaani ukatili. Kwa upande wa pili huuandalia njia, maana aliyekwisha kuitwa mnyama ni rahisi kutendewa kama mnyama. Kutokana na hali hiyo, kazi ya fasihi haiwezi kuishia katika kulitamka neno. Inampasa mwandishi amrudishe mwovu katika jamii ya watu, akiwa na jina, cheo na sababu zake, ili aweze kuhukumiwa kama mtu.

Hoja hiyo itajaribiwa kwa kurejelea Makongeni, mtaa wa Mashariki mwa Nairobi uliojengwa na mamlaka ya reli kuwa makazi ya wafanyakazi wake Waafrika. Jina lake laelekea kutokana na makonge. Jirani yake ni Mbotela na Kaloleni, na si mbali kutoka hapo kufika Ofafa na Jericho. Mahali hapa pameteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, baadhi ya mitaa hiyo ina majina ya watu waliouawa. Pili, mitaa hii ilionja msako mkubwa wa mwaka 1954, na reli iliyowapa watu wa Makongeni kazi na makazi ndiyo iliyowabeba wengi wa waliokamatwa kuelekea kizuizini. Tatu, eneo hili la Mashariki mwa jiji ndilo linalotajwa sana kuwa chimbuko la Sheng, na katika Sheng maneno ya uovu yamepatwa na mabadiliko yanayostahili kuangaliwa.

Neno na Jamaa Zake

Kimuundo, unyama ni nomino dhahania iliyoundwa kwa kiambishi u- na shina -nyama, sawasawa na utu unavyoundwa kutokana na shina -tu. Maneno haya mawili yamekaa yakitazamana katika ngeli moja, na huenda ndiyo sababu msemaji huyaona kuwa kinyume kamili. Hata hivyo, ulinganifu huo ni wa umbo tu. Utu ni jinsi mtu alivyo na pia jinsi inavyompasa kuwa. Ndiyo maana methali husema kwamba mtu ni utu, na ndiyo maana mtu aliyepungukiwa na utu haachi kuhesabiwa kuwa mtu. Unyama, kwa upande wake, hauelezi jinsi mnyama alivyo. Simba akimrarua swala hasemwi kuwa ametenda unyama, amekula. Chui akichukua mbuzi wa mtu huitwa mharibifu, wala hapelekwi mbele ya baraza ajibu mashtaka. Kiumbe pekee anayeweza kushtakiwa kwa unyama ni binadamu. Neno hili, basi, lina mgongano ndani yake: umbo lake linamtaja mnyama, lakini matumizi yake hayamhusu mnyama hata mmoja.

Mgongano huo hauko katika neno hili peke yake. Kiswahili kina ufirauni, ushetani na unduli, na yote matatu yanafanana katika jambo moja: yanampeleka mwovu mahali pengine. Firauni ni wa Misri ya kale. Ukistaajabu ya Musa, yasema methali, utaona ya Firauni. Na Firauni huyo daima yuko mbele, au nyuma, lakini si hapa. Shetani ni wa ulimwengu usioonekana. Nduli, neno ambalo wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 lilitumika Tanzania hata likawa kama cheo kilichotangulia jina la Idi Amin, lilisaidia kuwaunganisha wananchi wote dhidi ya mvamizi mmoja. Kisiasa lilifaa. Kama ufafanuzi halikueleza lolote kuhusu jeshi, silaha, marafiki wa ng'ambo na ukimya wa majirani uliomwezesha mtu huyo kutawala tangu Januari 1971.

Jamaa mmoja wa maneno haya ni tofauti, nalo ni dhuluma. Wanaleksikografia wa Kiarabu, lugha ambamo neno hili lilitoka, hulieleza kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Dhuluma haiwezi kutajwa bila kuuliza maswali mawili: nani aliyedhulumu, na nani aliyedhulumiwa? Ndani yake mna deni, na mwenye kudai anajulikana. Tofauti ya neno hili na unyama ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Unyama hueleza ukubwa wa mshtuko wa anayetazama. Dhuluma hueleza uhusiano uliovunjwa.

Ushahidi wa dai hili unapatikana katika usemi wa vijana. Katika Sheng na katika misimu ya vijana wa miji ya Afrika Mashariki kwa jumla, maneno ya ubaya yamegeuzwa kuwa sifa. Muziki mzuri sana huitwa noma. Mbaya huongezwa baada ya kitenzi ili kuonyesha wingi wa kupenda au kufurahi. Unyama wenyewe, hasa katika misimu ya vijana wa Tanzania, umekuwa neno la kusifia ustadi uliopindukia. Wazee husikitika wakisema lugha imeharibika. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza ni kwa nini ugeuzi huo uliwezekana kwa urahisi namna hiyo. Vijana hawakuligeuza neno dhuluma. Hakuna anayesifu wimbo kwa kusema kwamba ni dhuluma. Waliligeuza neno ambalo maana yake ya kimaadili ilikuwa imekwisha kulegea, likabaki na maana ya kupita kiasi tu. Kilichopita kiasi chaweza kulaaniwa, na chaweza pia kushangiliwa.

Manyani wa Shaaban Robert na Kambi ya Manyani

Hakuna andiko la Kiswahili lililoichukua sitiari ya mwovu kuwa mnyama kwa uzito zaidi ya Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtenda ndugu yao Adili uovu mkubwa kwa sababu ya wivu. Adhabu inayowapata ni kugeuzwa kuwa manyani, na Adili anaamriwa na jini Huria kuwapiga mijeledi kila usiku. Kisa hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hao hugeuzwa mbwa. Badiliko la Shaaban Robert si dogo. Nyani ni mnyama anayefanana na mtu. Anayemtazama huona sura yake mwenyewe ikiwa imepotoka.

Uhakiki wa kimapokeo umekisoma kisa hiki kama fundisho kwamba wema hushinda na uovu hulipwa. Usomaji huo si wa makosa, lakini unalipita jambo lililo zito zaidi. Wanaopigwa ni manyani kwa umbo na ndugu kwa damu, na Adili halisahau hata mara moja hilo la pili. Huwapiga akiumia, na akiisha kuwapiga huwahurumia na kuwalisha. Mtesaji na mteswa wote wawili wamefungwa katika adhabu moja, na haitoki isipokuwa kwa huruma na msamaha unaowarudishia ndugu hao umbo la binadamu. Kwa Shaaban Robert, kwa hiyo, unyama ni hukumu ya muda iliyowekwa juu ya watu. Udugu uko chini yake, haukufutwa. Mwandishi anaitumia sitiari huku akiikataa: anawavika waovu ngozi ya mnyama ili msomaji aone jinsi ilivyo vigumu kumpiga mtu huku ukijua kuwa ni nduguyo.

Miaka miwili baada ya kitabu hicho kuchapishwa, neno lilo hilo, manyani, lilipata maana nyingine kwa wakazi wa Mashariki mwa Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako ulioitwa Operation Anvil. Jiji lilizingirwa na wanajeshi na polisi, mitaa ya Waafrika ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na Wagikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na majirani zao. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini. Wengi wao walisafirishwa kwa treni hadi kambi mbili zilizo kando ya njia ya reli iendayo Mombasa. Moja ilikuwa Mackinnon Road. Ya pili iliitwa Manyani.

Jina la mahali hapo halikubuniwa kwa ajili ya wafungwa. Hata hivyo, sadfa hiyo inaonyesha wazi upande wa pili wa neno linalochunguzwa. Kwa miaka miwili kabla ya msako, magazeti ya walowezi na hotuba za wakubwa wa serikali zilikuwa zimewaeleza wapiganaji wa Mau Mau kwa msamiati wa wanyama na ugonjwa. Msamiati huo ulilaani mauaji yaliyotendeka kweli. Lakini kwa kulaani ulifungua mlango, kwa maana swali la jinsi ya kumtendea mtu aliyeshukiwa lilikuwa limekwisha kubadilishwa likawa swali la jinsi ya kumfuga au kumdhibiti mnyama. J. M. Kariuki, aliyepitia Manyani na kambi nyingine na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1963, ni shahidi wa yale yaliyofuata. Katika kambi hizo palikuwa na mijeledi kama katika nyumba ya Adili. Kilichokosekana ni Adili.

Jina la Mbotela

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na kusema kwamba neno lilitumiwa vibaya na mkoloni. Majina ya mitaa hayaruhusu urahisi huo. Mtaa wa Mbotela, jirani ya Makongeni, umebeba jina la Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union na ambaye aliwapinga Mau Mau waziwazi. Aliuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba, karibu na soko la Burma. Mitaa ya Ofafa inamkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Wale waliowaua hawakuwa na kambi wala treni. Baadhi ya waliowaunga mkono walikuwa wapangaji wa mitaa hiyohiyo.

Tom Mbotela alitoka katika ukoo wa Freretown, Mombasa, uleule alikotoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Kitabu hicho kina nafasi ya pekee katika historia ya nathari ya Kiswahili. Kinaeleza kutekwa, kusafirishwa na hatimaye kukombolewa kwa watumwa, na wahakiki wamekilaumu kwa sababu kimewagawa watu wake katika mafungu mawili: mfanyabiashara ya watumwa, ambaye ukatili ni tabia yake, na Mwingereza, ambaye rehema ni tabia yake. Lawama hiyo ni ya haki. Mateso yanayosimuliwa ni ya kweli, na mjukuu wa mtumwa ana haki ya kuyasimulia. Tatizo ni mahali uovu ulipowekwa. Ukiisha kuwekwa katika jinsi ya mtu, hauwezi kufuatwa unapohama. Msomaji aliyezoezwa kuuona ukatili katika sura moja hana macho ya kuuona katika meli iliyokuja kuokoa, wala katika kambi ambayo watu wa meli hiyo waliijenga baadaye, wala katika mkono wa jirani usiku wa Novemba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii inapingana moja kwa moja na mantiki ya neno unyama. Inasema kwamba mdhuru haji kutoka porini. Yumo ndani ya nguo ulizozivaa.

Uovu Unaoandikwa

Kuna namna moja ya uovu ambayo neno unyama haliwezi kuifikia kabisa, nayo ni ile inayotendwa kwa kalamu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kuwa vifo hivyo vilitokana na maji waliyokunywa. Kipigo kile mtu aweza kukiita unyama. Taarifa ile ataiita nini? Mnyama hatungi maelezo ya kuficha alichokifanya. Uongo huo ulihitaji elimu, uangalifu na ujuzi wa kuchagua maneno, yaani ulihitaji yaleyale ambayo kwa kawaida husemwa kumtofautisha binadamu na mnyama.

Wakazi wa nyumba za reli wamelijua jambo hili katika sura iliyo tulivu zaidi. Mwaka 2006 uliundwa mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa reli, na mali za shirika, yakiwemo maeneo ya Muthurwa na Makongeni, zikawekwa chini yake ili wastaafu walipwe. Wapangaji wa Muthurwa walipotakiwa kuhama walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za kikatiba zilikuwa zimekiukwa. Makongeni yenyewe iliingizwa baadaye katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Si kazi ya makala ya fasihi kutoa hukumu juu ya mipango hiyo. Wastaafu wa reli nao wana dai lao, na nyumba zilikuwa kuukuu. Linalohusu uhakiki ni msamiati. Katika migogoro ya namna hii anayefukuzwa hulia kwamba ametendewa unyama, na anayefukuza hujibu kwamba alitoa notisi ya siku zilizowekwa. Wawili hao hawajibizani. Neno la kwanza linazungumzia maumivu, la pili linazungumzia utaratibu, na katikati yao swali la dhuluma, yaani nani anawiwa nini na nani, hubaki bila mtu wa kuliuliza.

Riwaya imeliuliza. Katika Shetani Msalabani (1982), tafsiri ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwanza kwa Kigikuyu mwaka 1980, masaibu ya Warĩĩnga yanamkuta akiwa mpangaji wa Ofafa Jericho anayetolewa nyumbani. Jina la riwaya linamtaja shetani, lakini wezi na wanyang'anyi wanaoshindana katika pango la Ilmorog si mashetani. Ni watu wenye majina, vyeo, wake na magari, nao hupanda jukwaani kueleza kwa fahari jinsi walivyopata mali. Ngũgĩ aliwapa nafasi ya kusema, na kwa kusema wakajihukumu. Shafi Adam Shafi alifanya jambo la karibu na hilo katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ambamo ukatili wa bwana unaelezeka kwa mali na cheo alichorithi. Katika Haini (2003), riwaya inayotokana na mateso yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, alikwenda mbali zaidi. Neno baya kuliko yote limo katika jina la kitabu, na limebandikwa juu ya wanaoteswa. Msomaji anafundishwa kulishuku neno lenyewe: kila linapotamkwa, humlazimu kuangalia ni nani anayelitamka na mkononi ameshika nini.

Pingamizi Moja

Yawezekana kupinga kwamba hoja hii inamnyima mdhulumiwa neno lake. Mama aliyeuliwa mwana ana haki ya kumwita muuaji mnyama, na mhakiki anayemsahihisha atakuwa amekosa adabu. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake ni kutofautisha kilio na hukumu. Kilio hakidaiwi kuwa sahihi, kinadaiwa kusikilizwa. Mama akilia kwamba ni unyama, hajaandika ufafanuzi wa uovu, amefungua maumivu yake, na mwandishi anaweza kukiweka kilio hicho katika kinywa cha mhusika bila kosa lolote. Kosa huanza pale msimulizi, mhakiki au hakimu anapokichukua kilio na kukifanya hukumu, kisha akafunga faili. Hapo aliyeua ametolewa katika kundi la watu. Na aliyetolewa katika kundi la watu hawezi tena kuulizwa kwa nini.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba unyama ni neno la kweli kama kilio na ni neno hafifu kama maelezo. Na kwamba, lisipoangaliwa, linaweza kugeuka kuwa kibali. Waandishi waliotajwa hawakulitupa, kwani neno linaloishi vinywani mwa watu halitupwi. Waliliwekea mipaka. Shaaban Robert aliwaacha manyani wabaki ndugu. Ngũgĩ aliwapa wanyang'anyi sauti ya binadamu. Shafi aligeuza neno la laana likawashtaki waliolitamka.

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyepata kuwekwa kizuizini mwaka 1986, aliipa riwaya yake ya 1995 jina la Walenisi. Jina hilo ni la nchi ya haki na usawa ambayo msomaji huifikia pamoja na mhusika mkuu, na likikatwa vizuri linasema: wale ni sisi. Kwa kawaida sentensi hiyo husomwa kama tumaini, kwamba watu wa nchi ile njema wanaweza kuwa sisi. Mazingira ya Makongeni na majirani zake yanadai isomwe pia kwa upande wa pili. Walioshika mijeledi Manyani, waliovizia karibu na soko la Burma, na walioandika taarifa ya Hola ni wale. Na kama Kiswahili kitawaeleza kwa ukweli, itabidi kianze kwa kukubali neno la mwisho la sentensi hiyo.